Jamaa anasaka fundi wa kodiani ya babu yake wa Suguti, na stori imeanzia Vienna 1829

Wadau, kuna jamaa mmoja hapa Dar, jina kapuni. Wengi wenu mmeshakata mauno kwenye biti zake bila kujua kazitengeneza nani. Mwaka jana kanipigia simu saa tano usiku: "Kaka, unamjua fundi yeyote wa kutengeneza kodiani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ishu ni babu yake. Mzee anaishi Suguti, Musoma Vijijini, Mjita halisi (kwa hiyo usije na "mura" zako kwenye komenti, hiyo ni ya Wakurya). Ana kodiani ya batani, siyo ile ya funguo kama piano mnayoiona kwenye taarab. Aliinunua ujanani kwa mvuvi aliyetokea upande wa Kisumu. Sauti nane zimekufa. Mjukuu kwa mapenzi yote akamnunulia mpya, ya funguo, inang'aa. Mzee akaipakata, akaivuta mara mbili, akairudisha kwenye boksi lake: "Mjukuu wangu, hii inaongea Kizungu."

Kabla hujasema mzee mkorofi, elewa chombo chenyewe. Ndani ya kodiani hakuna nyuzi. Kuna ndimi, vipande vyembamba vya chuma vilivyopigiliwa kwenye kibao cha madini, na mvukuto unasukuma hewa ipite hapo ulimi utetemeke. Kwenye aina ya babu, batani moja ina sauti mbili: ukisukuma unapata hii, ukivuta unapata nyingine. Ina batani 21 mkono wa kulia, kila sauti ina ndimi mbili zinazolia pamoja. Piga hesabu, ni ndimi 84 kabla hujagusa besi. Aliyejifunza hivyo vidole vyake vimeshaoana na pumzi ya mvukuto. Mpe ya funguo, ambayo ukisukuma au ukivuta sauti ni ileile, umempa gari lenye usukani nyuma.

Sasa ilifikaje Majita? Jina lenyewe lilisajiliwa Vienna mwaka 1829 na fundi aitwaye Cyrill Demian. Wachina walikuwa na ndimi za namna hiyo karne nyingi kabla, ila hiyo ni mada ya siku nyingine. Baadaye viwanda vikashika kazi. Paolo Soprani alianza Castelfidardo, Italia, mwaka 1863. Kule Trossingen, Ujerumani, Matthias Hohner alikuwa ameanza na vinanda vya mdomo mwaka 1857, na kodiani zikafuata. Chombo chepesi, kinalia kwa nguvu, hakihitaji kutiwa sauti kila asubuhi. Kikaenda na mabaharia, askari na wafanyabiashara kila pembe ya dunia.

Kwetu huku kilipata wenyewe haraka. Wakikuyu walikioa na karing'aring'a, ile pete ya chuma, wakapata mwomboko. Wajaluo wakakiita onanda na kukichezea kabla gitaa la benga halijatawala. Zanzibar kikaingia taarab. Mara iko katikati ya njia hizo, na Wajaluo wa Rorya ni majirani kabisa. Wengi hudhani kila kinanda kililetwa na kanisa, lakini Wamenonaiti waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka kwenye desturi ya kuimba bila chombo chochote. Kodiani ya babu ilipita ziwani na samaki.

Ona tofauti sasa. Ukitaka nyatiti, unamwendea mchongaji, anakuona ulivyo, anakutengenezea yako. Litungu la Wakurya hivyohivyo. Kodiani ilikuja imeshafungwa na skrubu. Tulijua kuipiga vizuri kuliko waliotuuzia, lakini wa kuiunda hakuwepo.

Jamaa yangu akaamua asake huko huko ilikotoka. Akaandika karakana moja Italia, wakamjibu vizuri tu: tunatengeneza kwa oda, bei maelfu ya yuro, subiri zamu yako. Halafu wakatuma maswali. Safu ngapi za batani? Ufunguo gani? Ndimi mbili zipishane kiasi gani ili mtetemo uwe mkali au mpole? Akakwama. Majibu yalikuwa tumboni mwa kodiani ya babu.

Akapanda basi. Alipofika, shikamoo, marahaba, chai, halafu wakafungua skrubu. Hapo ndipo alinitumia picha na mimi nikakaa chini. Ndimi zilikuwa na mikwaruzo ya tupa. Ukila chuma kwenye ncha sauti inapanda, ukila kwenye shina inashuka, na kuna mtu alikuwa anajua hilo vizuri sana. Vibao vilikuwa vimegandishwa upya kwa nta ya nyuki, na kipande cha ngozi kilikuwa cha kiatu. Na ulimi mmoja, wadau, haukuwa wa kiwandani kabisa. Ulikatwa kutoka kwenye springi ya saa.

"Babu, nani kafanya hii?"

"Fundi saa. Pale Musoma mjini. Alishafariki."

Mzee akaeleza kwa utulivu kwamba alipoinunua haikulingana na sauti yake ya kuimbia. Akampelekea fundi saa, akakaa naye siku mbili anaimba, mwingine anakwangua.

Jamaa alikuwa anatumia neno "kutengeneza" kwa maana ya kuunda kitu kipya kutoka sifuri. Babu alipomwambia "nitafutie fundi wa kutengeneza", alimaanisha jinsi Kiswahili kinavyomaanisha siku zote, kwamba kiwe sawa. Kodiani iliyoundwa kwa vipimo vyake mzee alikuwa nayo tayari. Na si yeye tu. Afrika Kusini, wapiga maskanda wa Kizulu huwapa mafundi wao konsatina za kiwandani wapange ndimi upya ziendane na nyimbo zao. Sema hao wa kwetu hakuna aliyewaandika popote. Waliitwa fundi saa, fundi redio, basi. Zikaja simu, saa za mkononi zikapungua, na mikono ile ikaondoka nazo.

Jamaa hakulipa Italia. Alirekodi kila batani kwa simu, kusukuma na kuvuta, zile zilizokufa babu akaziimba kwa mdomo. Faili 42. Kisha akampata kijana anayerekebisha saa Mwanza, ambaye hajawahi kushika kodiani maishani, akamwachia springi kuukuu na rekodi.

Ulimi wa kwanza ulikatika. Wa pili umekaa, ila uko juu kidogo. Babu aliusikiliza mara tatu, akasema kijana anunuliwe tupa nyembamba zaidi.

Zimebaki saba.