Siyu: Nyumba, Mnazi na Konde

Katika Kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, upo mji wa kale uitwao Siyu. Chombo kiuendeacho hakina budi kungoja maji yajae, kwani njia yake ni mkono mwembamba wa bahari upitao kati ya mikoko. Mgeni ashukapo huiona kwanza ngome yenye kuta nene, na nyuma yake mji wenyewe. Humo nyumba zikaliwazo na watu zimechanganyika na magofu. Yamkini mgeni huyo atasema, "Watu hawa walikuwa matajiri, na sasa utajiri umewaponyoka." Neno hilo ni jepesi mno. Yafaa tuulize mali ya watu wa Siyu ilikuwa nini, ilikuwa mikononi mwa nani, na ni kitu gani kilichoilinda au kuipoteza.

Tuanze na nyumba. Nyumba za kale za miji hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu mno, upana wa chumba haukuzidi sana mita 3; ndiyo sababu vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Nyumba kama hiyo ilikuwa heshima ya ukoo. Lakini mwenye nyumba alikuwa nani? Katika miji ya Lamu na Pate ilikuwa desturi kwa mzazi mwenye uwezo kumpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, wakati wa kuolewa, na mume akahamia kwa mkewe. Kipawa atoacho mtu angali hai huitwa hiba, nacho hakiingii katika mafungu ya urithi. Basi mwanamke aliyeachwa hakutoka mlangoni na mzigo wake kichwani. Aliyetoka ni mume. Wanafunzi wanaodhani kwamba zamani mwanamke wa pwani hakuwa na mali yake mwenyewe, yafaa walifikiri jambo hili.

Mali ya pili ni mnazi. Hapa pana jambo linalomshangaza mtu atokaye bara: katika pwani yetu ardhi ni kitu kimoja, na mti uliooteshwa juu yake ni kitu kingine. Mtu aweza kumiliki minazi kumi ilhali udongo ilipopanda mizizi ni wa mtu mwingine. Kwa hiyo minazi hurithiwa kwa hesabu ya miti. Tuseme mzee amefariki akaacha mke, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili na minazi 32. Kwanza yatolewe gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja. Ikiwa hayo yamekwisha na minazi yote 32 imebaki, sheria ya Kiislamu humpa mke thumni, yaani minazi 4. Inabaki 28. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili kwa kila fungu moja la binti. Kwa hiyo yeye atapata 14, na kila binti 7. Hesabu ni nyepesi, walakini tazama matokeo yake. Baada ya vizazi vitatu shamba moja laweza kuwa na wenyewe arobaini, na kila mmoja hana budi kuujua mti wake. Hakuna uzio wa kuwatenga. Kinachowatenga ni kumbukumbu za wazee na ushahidi wa majirani.

Mali ya tatu ni konde, yaani shamba la nafaka. Wakulima wa visiwa hivi walifyeka mwitu, wakapanda misimu kadhaa, kisha wakaliacha konde lipumzike na kwenda kufyeka mahali pengine. Wengi walivuka maji kwenda kulima katika bara iliyo mkabala. Haki ya mtu juu ya konde ilitokana na jasho lake: aliyefyeka ndiye mwenyewe, na jirani zake ndio mashahidi. Hata magofu hayakuachwa bure. Katika mji wa Pate, ulio jirani na Siyu, watu walipanda tumbaku kati ya kuta zilizobomoka.

Ipo na mali ya nne, nayo haipimwi kwa hatua wala haihesabiwi kwa miti. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ulisifika kwa mafundi wake. Palikuwa na washonaji wa viatu vya ngozi, wafua vyuma waliotengeneza panga na majambia, na maseremala. Tena palikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Baadhi ya misahafu hiyo imesalia hata leo. Mali hii ina sifa ya pekee. Minazi 32 ikigawanywa, kila mrithi hupata michache kuliko marehemu. Ujuzi ukigawanywa, mwenye kuutoa hapungukiwi na kitu.

Sasa tuangalie jinsi mali ilivyopotea. Njia ya kwanza ilikuwa nguvu za silaha. Juu ya mlango wa Ngome ya Yesu, Mombasa, upo mwandiko wa Kireno wa mwaka 1639 uliochongwa katika jiwe. Humo nahodha wa ngome hiyo ajisifu kwamba aliwaadhibu watu wa Pate na Siyu hata akazibomoa kuta za miji yao. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1840, watu wa Siyu chini ya Bwana Mataka walipigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja na kuyashinda. Lakini mwaka 1863, katika zama za Seyyid Majid, mji ulitiishwa. Kila vita vilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa mali na kwa roho za watu.

Haifai kuficha kwamba sehemu ya utajiri wa zamani ilitoka katika jasho la watumwa waliolimishwa makonde ya bara. Binadamu alihesabiwa pamoja na minazi na nyumba, akarithishwa kama kitu. Mwaka 1907 hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya. Mashamba mengi yalipungua, na wengine wakalia kwamba wamefilisika. Lakini mali iliyosimama juu ya shingo ya mtu mwingine haikuwa halali kwa utu, na kupotea kwake si hasara ya kuombolezwa.

Njia nyingine haikuwa na kelele za bunduki. Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza ilitoa sheria iliyowataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yaandikwe. Ardhi ambayo hakuna aliyethibitisha dai lake ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Fikiri, msomaji, sheria hiyo ilikuwa na maana gani kwa mkulima wa konde. Konde lililopumzishwa likitazamwa na mgeni huonekana pori lisilo na mwenyewe. Mashahidi wa mkulima walikuwa wazee. Mashahidi wa Serikali walikuwa karatasi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ardhi hiyo ya Serikali ya kikoloni ikawa ya Serikali mpya. Miaka hiyo hiyo, kati ya 1963 na 1967, vita vya mashifta viliwafukuza wakulima wengi kutoka bara hata wakarudi visiwani, na makonde yao yakamezwa na mwitu. Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 zimefungua mlango mwingine: jamii yaweza kuandikisha ardhi yake kwa jina la jamii yenyewe. Lakini mlango ukifunguliwa, lazima mtu aingie. Na wa kuingia ni yule ajuaye mipaka ya babu yake.

Njia ya mwisho ndiyo ya kimya kuliko zote. Nyumba ya mawe ikivuja, boriti huoza. Boriti ikioza, dari huanguka. Dari ikianguka, mvua huzila kuta. Nyumba yenye warithi ishirini, mmoja yuko Mombasa na mwingine ng'ambo, kila mmoja humngojea mwenziwe aitengeneze. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Magofu hayakuletwa yote na Mreno wala na majeshi ya Unguja. Mengine yaliletwa na kungojeana.

Basi twajifunza nini? Twajifunza kwamba mali ni mapatano kati ya watu kuliko ilivyo kitu. Mnazi ni wako kwa sababu jirani amekubali kuwa ni wako. Nyumba ni ya binti kwa sababu nduguze waliheshimu hiba ya baba yao. Mapatano hayo yakilindwa, mali hudumu. Yakisahauliwa, aliye na nguvu au aliye na karatasi huja akaichukua. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, ukirudi kwenu likizoni, chukua kalamu na daftari. Waulize wazee mti huu ni wa nani, mpaka ule umepita wapi, nyumba ile alipewa nani na mwaka gani. Yaandike maneno yao wangali hai. Mababu zako wa pwani walinakili misahafu kwa subira, harufi kwa harufi. Wewe utashindwa kuandika majina ya minazi michache?