Kupunguza uzito ukiwa na miaka 40 na ushee, hukuhuku Mohoro

Wadau, hii iprinti umpelekee mama, shangazi au baba mdogo. Si ndio sisi tunaoshinda kwenye kompyuta tunaotumwa "nitafutie dawa ya tumbo"? Vichupa vya kwenye mabasi achana navyo kabisa.

Kwanza vipimo. Zidisha urefu wa mita kwa wenyewe, halafu gawa kilo kwa jibu hilo. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anapata 30, na hapo ndipo unene uliopitiliza unapoanzia. Kuanzia 25 uzito umeshazidi.

Watu wanasema ukifika 40 mwili unapunguza kasi. Sio kweli. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walitoa kwenye jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400. Ukizingatia ukubwa wa mwili, toka miaka 20 mpaka 60 tunachoma nguvu kiwango kilekile. Mwaka 2012 jamaa huyohuyo alikuwa ametoa vipimo vya Wahadza wa kule Ziwa Eyasi. Wanatembea kutwa, lakini kwa siku hawachomi zaidi ya Mmarekani wa mjini mwenye mwili kama wao! Kwa hiyo mazoezi peke yake yatamchosha mama bure. Kazi kubwa iko kwenye sahani.

Na sahani zetu tunazijua: ubwabwa wa nazi mlima mzima, samaki wa kukaanga, chai ya vijiko vitatu. Kijiko kimoja cha sukari ni kama kalori 16, hivyo vikombe vitatu tu ni 144. Kijiko kikubwa cha mafuta ni 120. Hapo bado hajaonja mboga jikoni na kumalizia makombo ya watoto. Kumwambia apike chungu chake peke yake ni maneno ya mtu asiyeishi na familia. Chungu kibaki kilekile, yeye apakue tofauti: nusu ya sahani matembele au mchicha, robo wali, robo kambale wa mchuzi. Akipungua kilo 4 tu kati ya hizo 77, presha na sukari huanza kushuka.

Sasa mawazo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti yalisomba mpunga wa watu. Mtu kapoteza shamba, ada inadaiwa, ana mgonjwa ndani. Chakula kitamu ndio starehe iliyobaki. Moyo ukiwa mzito wiki mbili mfululizo, usingizi hauji, hata ngoma ya harusi haimvutii, inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Kutembea kunasaidia hapa kuliko kwenye kilo: dakika 30, siku tano kwa wiki, na jirani wa kupiga naye stori.

Akianza kukonda majirani watasema ana ngoma. Mwandae mapema kwa hilo, wengi huacha kwa aibu hiyo tu.

Dawa nazo zimo. Amitriptilini na sindano ya uzazi wa mpango zinaweza kuongeza uzito. Asiziache mwenyewe, akaongee na daktari, iwe Utete au Mchukwi. Akikonda bila kujitahidi, na kiu haiishi, apimwe kisukari haraka. Na akitamka kwamba afadhali afe, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.