Kababu Kabla ya Mkate

Mapishi mengi ya siku hizi huiandika kababu isiyo na ngano kama kababu iliyopungukiwa. Mpishi huambiwa kwanza atoe mkate uliolowekwa, kisha atafute kitu cha kuziba nafasi yake, utadhani mkate ulikuwamo tangu donge la kwanza la nyama lilipofinyangwa. Kwa kuelekeza mapishi, mpangilio huo unafaa. Kwa historia, umekaa miguu juu kichwa chini. Katika safari ndefu iliyoifikisha kababu kutoka Baghdad na Bara Hindi mpaka pwani ya Afrika Mashariki, nyama iliyopondwa imeshikanishwa kwa chochote kilichokuwa ghalani au kilichobaki chunguni: mchele, dengu, yai, viazi, na mara nyingine chumvi na nguvu ya mkono tu. Ngano iliingia pale ilipokuwa chakula cha kila siku, na kwetu imekuwa hivyo juzijuzi, baada ya mashamba makubwa na viwanda vya mikate. Kwa hiyo mzazi anayekaanga kababu zisizo na ngano jioni ya Jumanne, watoto wakiwa wamekwisha kukaa mkekani, hafanyi jambo geni. Kipya katika mlo wake ni haraka, na haraka hiyohiyo ndiyo iliyoutia mkate ndani ya kababu zetu.

Tuanze na pwani yenyewe. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanj, yaani pwani hii, walikula mtama na aina ya mzizi unaochimbwa ardhini. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, ukiandamana na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari za ndimu na pilipili. Mombasa, anasema, chakula kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Katika maelezo hayo ngano haionekani kuwa chakula cha watu. Hata mkate wa mofa wa Zanzibar, ambao jina lake lingemfanya mgeni afikirie ngano, asili yake ni unga wa mtama. Haina maana kwamba ngano haikujulikana. Boko boko, ngano inayopikwa na nyama na kusongwa mpaka vikawa kitu kimoja, ni ushahidi kwamba ilikuwako. Lakini boko boko ni chakula cha harusi na Idi, na chakula cha sherehe hutueleza kipi kilikuwa adimu. Nafaka inayongojewa na jahazi haitupwi ndani ya donge la nyama ili kuongeza wingi.

Kababu nayo ni mtoto wa bahari hiyo. Kitabu cha mapishi alichokiandika Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 kimejaa vidonge vya nyama nyekundu iliyopondwa na viungo, vinavyotumbukizwa ndani ya michuzi ya matunda na siki. Kazi kubwa pale ilikuwa ya kisu na kinu. Nyama ikipondwa sawasawa hujishika yenyewe. Ukielekea kaskazini, unakuta Tabriz na donge lake kubwa la nyama, mchele na dengu zilizoparazwa. Bara Hindi lina kababu za shami: nyama na dengu huchemshwa pamoja mpaka maji yakauke, zikasagwa, zikafungwa kwa yai na kukaangwa. Wagiriki wana vidonge vya nyama na mchele mbichi vinavyoivia ndani ya supu ya mayai na ndimu. Indonesia, ambako muhogo ulifika kutoka Amerika na kuzoeleka, vidonge vya bakso hukandwa kwa wanga wa muhogo. Ukiyapanga majiko haya yote kwenye ramani, utaona mfuatano usiobadilika: kitu kinachoshikanisha nyama ni kile ambacho shamba la karibu linakitoa kwa wingi. Pwani yetu ilifuata njia hiyo ilipoipokea katlesi, nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vilivyopondwa, ikachovywa katika yai na kutiwa mafutani.

Mpinzani ana hoja nzito hapa. Mkusanyo wa mapishi ya Kirumi unaobeba jina la Apicius, ambao wataalamu huuweka kwenye karne ya 4 au ya 5, una madonge ya nyama iliyopondwa pamoja na mkate mweupe uliolowekwa katika mvinyo, pilipili manga na mchuzi wa samaki waliovundikwa, yakazungushiwa utando wa mafuta ya tumboni. Nchi za Sham nazo zina kibe, ambayo haiwi kibe bila ngano iliyochemshwa, kukaushwa na kuvunjwavunjwa. Itakuwaje basi tuseme ngano ni mgeni? Jibu ni kwamba ngano si mgeni Roma wala Sham. Ni mwenyeji kabisa. Roma ililishwa kwa meli za nafaka kutoka Misri na Afrika Kaskazini, na raia wake walikuwa na haki ya kugawiwa nafaka hiyo na dola. Mji unaoishi kwa mkate utatia mkate hata kwenye nyama. Mifano hiyo inaitia nguvu hoja yetu, kwa sababu inaonyesha kwamba kanuni ni ya ghala la mahali, na hakuna mahali ambapo ngano ilipewa kazi hiyo kwa kuwa peke yake inaiweza.

Kuna jambo la pili ambalo Ulaya inatufunza, nalo ni kubana matumizi. Pellegrino Artusi, katika kitabu chake kikubwa cha mapishi ya Italia cha mwaka 1891, anazipika polpette kwa nyama ya kuchemsha iliyobaki, akaichanganya na vijiko vya uji wa mkate uliopikwa kwa mchuzi au maziwa, pamoja na yai na jibini. Anazitaja kwa utani, kama chakula ambacho hakuna asiyejua kukipika. Tunachokiona humo ni nyumba isiyotupa kitu: nyama ya jana na mkate wa juzi vinakutana, na sahani moja inakuwa mbili. Mkate mkavu uliingia kwenye donge kwa sababu ulikuwapo na ungepotea. Ingekuwa ni nyumba yenye kiporo cha wali, wali ungepewa kazi hiyohiyo.

Sasa turudi nyumbani, tuulize mkate uliingiaje kwenye kababu za Mombasa, Tanga na Unguja, ambazo mapishi yake mengi leo hutaka slesi mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi Lord Delamere alilima ngano Njoro, Kenya, ikashambuliwa vibaya na ugonjwa wa kutu, na mwaka 1908 kampuni yake ya kusaga nafaka, Unga Limited, ikaanzishwa. Miongo mingi baadaye Tanzania, ikisaidiwa na Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, juu ya ardhi ya malisho ya Wabarbaig. Licha ya juhudi hizo, sehemu kubwa ya ngano inayoliwa katika nchi hizi mbili bado hutoka ng'ambo. Lakini mkate wa boflo ulikwisha shika miji, na boflo iliyokatwa slesi ilimpa mpishi kipimo kilicho tayari. Linganisha na shami: dengu zilowekwe, zichemke na nyama, zikauke, zisagwe, jioni nzima imekwisha. Slesi huhitaji maji na dakika moja. Mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyoenea duniani katika karne ya 19, ilikuwa imekwisha kuondoa kazi ya kinu. Mkate ukaondoa kazi ya dengu. Yaelekea hapo ndipo mahali penye mgeuko kwetu. Tulichukua mkate kwa ajili ya saa, na ladha ikazoea baadaye.

Atasema mtu: hata kama uliingia kwa sababu ya haraka, umebaki kwa sababu unafanya kazi ambayo kingine hakiwezi, kababu bila mkate huwa ngumu au hupasuka. Hoja hii inapimika kwa kuangalia kinachotokea ndani ya bakuli. Nyama ya kusaga ikitiwa chumvi na kukandwa, chumvi huyeyusha protini ya misuli iitwayo myosini. Nyama huanza kunata vidoleni, na ikipata moto myosini hiyo huganda na kulifunga donge. Hicho ndicho kishikizo chenyewe, na hakitoki kwenye ngano. Gluteni, ile protini inayoupa unga wa ngano mvutano, ilikwisha gandishwa na joto la tanuri kabla mkate haujafika kwako. Kazi ya slesi ndani ya kababu ni ya wanga: hunywa maji, huyazuia yasitoroke nyama inapojikunja, na hukaa kati ya punje za nyama ili zisishikamane mno. Wanga wa kiazi, wa wali na wa muhogo unaijua kazi hiyo vilevile. Kababu inayopasuka mafutani mara nyingi haikukandwa vya kutosha, au kitunguu chake hakikukamuliwa maji.

Pingamizi kali zaidi ni lile linalosema kwamba habari yote hii ya gluteni ni mtindo wa matajiri wa Ulaya na Marekani. Kweli, wako wanaoikimbia ngano bila sababu ya kitabibu. Lakini ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, una historia isiyo ya mtindo. Daktari Samuel Gee wa London aliueleza mwaka 1888 na akaamini kwamba tiba, ikipatikana, itakuwa katika chakula, ila hakujua chakula kipi. Aliyejua ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, aliyeanza kuishuku ngano katika miaka ya 1930. Majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokosa mkate, yalimwongezea ushahidi, na mwaka 1950 alitoa tasnifu yake. Uchunguzi alioufanya na wenzake baada ya hapo ukaonyesha kwamba gluteni ndiyo yenye madhara. Wala maradhi haya si ya Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi ulikuta asilimia 5.6 wakiwa nayo, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha takriban asilimia 1 kinachotajwa kwa Ulaya. Mtoto wa namna hiyo akikaa nasi, swali la kilichomo ndani ya kababu halina anasa yoyote.

Limebaki pingamizi la saa. Ikiwa mkate uliingia kwa haraka, je, kuuondoa si kurudi kwenye jioni ndefu ya shami? Ingekuwa hivyo kama njia ya kale ilikuwa ya dengu peke yake. Lakini kanuni ya ghala inatuelekeza kwenye kilichopikwa tayari, na kiporo cha wali au viazi viwili vya kuchemsha huwa tayari kuliko hata boflo. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, kijiko cha chai cha chumvi, tangawizi na thomu, kotmiri, yai moja na nusu kikombe cha wali uliopondwa vinatosha kwa mlo wa familia. Madonge yakiwa madogo, ya ukubwa wa limau changa, hukaangika kwa robo saa au pungufu, na katikati yake hufikia kwa urahisi nyuzi 71 za Selsiasi, kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani inakipendekeza kwa nyama ya kusaga. Uangalifu unaohitajika umo mahali pengine. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni ikiwa haizidi miligramu 20 kwa kilo, na kiasi hicho ni kidogo kuliko mpishi anavyodhani. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi, kiungo cha hingi kilichochanganywa na unga wa ngano, sosi ya soya, au unga wa dengu uliosagwa kwenye mashine ya ngano vinaweza kuiharibu kababu ambayo haikuguswa na slesi hata moja.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, mapishi yanastahili kuandikwa kwa mpangilio mwingine. Asili ya kababu ni nyama, chumvi, viungo na mkono. Baada ya hapo huja wanga wa nyumba husika, na mkate ni aina moja tu ya wanga huo, yenye sifa ya kuwa karibu na kuwa rahisi. Faida ya kuandika hivyo haiishii kwa mgonjwa wa siliaki. Nchi inayoagiza ngano yake kwa meli huku ikilima muhogo, mchele na viazi inabeba gharama ambayo haikulazimika kuibeba, na sehemu ndogo ya gharama hiyo imo hata ndani ya bakuli la kababu. Mpishi anayepika kwa ajili ya mtoto mmoja asiyeweza kula ngano hana haja ya kumpikia sufuria ya peke yake. Apike kababu za aina moja, wale wote.