Mwanga Usiopenya Ukuta: Kuhusu Mawasiliano ya Data kwa Nuru

Tangu Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipolitangaza jina la Li-Fi mwaka 2011, usafirishaji wa data kwa mwanga unaoonekana umetetewa kwa dai lile lile: masafa ya redio yanasongamana, taa zimeshatundikwa kila chumba, basi na zifanye kazi mbili. Makala haya yanalipinga dai hilo. Sifa kuu ya mwanga katika mawasiliano ni ile inayohesabiwa kuwa kasoro, yaani kushindwa kupenya ukuta. Wingi wa taa hauna uzito mkubwa.

Tuitazame taa yenyewe. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni diodi ya bluu iliyofunikwa fosfori ya manjano. Diodi huweza kuwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde pasi na jicho kung'amua, na katika mpwitompwito huo ndimo data hupachikwa. Fosfori, kwa bahati mbaya, ni nzito kuitikia: bluu ikishazimika, manjano bado yanang'aa, na upana wa bendi hubaki megahezi chache. Kichujio kinachopitisha bluu peke yake huongeza kasi, ila hutupa sehemu kubwa ya mwanga. Tena data haizaliwi ndani ya taa; sharti iletwe kwa waya. Toshihiko Komine na Masao Nakagawa wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, walilijua hilo mapema, ndipo mwaka 2003 wakapendekeza ipitie nyaya zile zile za umeme. Na njia ya kurudi je? Nani atavumilia simu inayommulika usoni kila anapotuma picha? Ndiyo maana data zinazotoka kwa mtumiaji aghalabu hupandishwa kwa infraredi, nuru isiyoonekana kwa jicho.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kiwango cha IEEE 802.11bb cha mwaka 2023, kilichoiingiza Li-Fi katika ukoo wa Wi-Fi. Mawimbi yake ni ya nanomita 800 hadi 1,000: infraredi tupu. Taa ya dari imeachwa, na sijaona watetezi wake wakilisema hilo kwa sauti. Kilichobaki ni ule ukuta. Vyumba viwili jirani vinaweza kutumia masafa yale yale bila kuingiliana, na aliye nje hanasi kitu. Haishangazi kwamba jeshi la Marekani barani Ulaya liliagiza vifaa vya namna hii mwaka 2021.

Mwaka huo huo mradi wa Taara, wa kampuni ya Alphabet, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwali mwembamba usioonekana uliovuka Mto Kongo, kilomita 4.8 hivi, ilhali fiba ingelazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Hapo napo, kinachofaidisha ni mwali kubanwa mahali pamoja.

Je, mwanga unaoonekana hauna pake? Unapo, chini ya bahari. Maji humeza redio na infraredi upesi, lakini bluu na kijani hupenya makumi ya mita katika maji maangavu. Sauti hufika mbali zaidi, ila hubeba data kidogo mno. Picha za video kutoka kwa roboti lisilofungwa waya zinahitaji nuru. Sharti ni maji yawe safi. Penye tope, kama mlangoni mwa Mto Rufiji, mwali hutawanyika baada ya umbali mfupi, na mtafiti hurudi kwenye waya.