Wanafunzi wa Dewey: waliofundishwa kuandika kama mashine

Leo tuweke kando simu na programu. Nataka kuwapeleka New York, mwaka 1887, kwenye stoo iliyo juu ya kanisa dogo la chuo. Subirini kidogo, mtaona inahusu tarakilishi.

Wengi wetu tunamjua Melvil Dewey kwa zile nambari zilizobandikwa migongoni mwa vitabu vya maktaba. Alitoa mfumo huo mwaka 1876 akiwa na miaka 24: maarifa yote ya dunia kagawa mafungu kumi, kila fungu kumi tena, kisha desimali hadi uchoke. Alikuwa mtu wa kubana kila kitu. Jina lake Melville alilikata likawa Melvil, na kuna wakati ukoo wake aliuandika "Dui" (huo Mswahili angeusoma bila taabu). Mwaka 1883 aliajiriwa mkutubi mkuu wa Columbia College, na tarehe 5 Januari 1887 akafungua hapo shule ya kwanza ya ukutubi Marekani.

Wanafunzi walikuwa 20, na 17 kati yao ni wanawake. Hapo ndipo matata yalipoanza. Wadhamini wa chuo hawakutaka wanawake darasani, wakamnyima Dewey vyumba vya kufundishia. Yeye akasafisha stoo ile, akaokoteza viti na meza, masomo yakaanza.

Sasa mtu akisomea ukutubi unadhani anafanya nini siku nzima? Kusoma riwaya? La. Walianza na kujifunza kuandika upya. Watu wazima, wengine walishafanya kazi, wanakalishwa chini kufinyanga herufi a, b, c kama watoto wa darasa la kwanza.

Sababu ilikuwa hii. Katalogi ya maktaba wakati huo ilikuwa kadi za karatasi ndani ya droo, na kitabu kimoja kilihitaji kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, za mada. Taipureta zilikuwepo lakini hazijaenea. Kwa hivyo kadi ziliandikwa kwa mkono, na watu kumi wana miandiko kumi. Msomaji anapepesa droo kwa haraka, akikutana na mwandiko wa mikogo anakwama. Wakutubi wakakubaliana kuwe na mwandiko mmoja: herufi za mviringo, zilizosimama wima, bila mapambo, zenye urefu sawa. Katika mkutano wao wa mwaka 1885 walijadili hata mwandiko ambao Thomas Edison alijizoeza nao alipokuwa mpokeaji wa telegrafu. Lengo lilikuwa kwamba kadi ya leo na kadi ya miaka kumi ijayo, hata zikiandikwa na watu tofauti, zifanane kabisa.

Mimi nikisoma haya namwona mwanadamu akigeuzwa kuwa printa. Fonti moja, ukubwa mmoja, kadi ya kipimo kimoja.

Lakini mwandiko ulikuwa sehemu rahisi. Kazi ya kuumiza kichwa ilikuwa kanuni za kuorodhesha, na hapa mwalimu wao wa mbali alikuwa Charles Cutter, aliyechapisha kanuni zake mwaka uleule wa 1876. Swali linaloonekana la kitoto: mwandishi huyu anaitwa nani? Chukua mfano wa kwetu. Mwaka 1964 kitabu cha Weep Not, Child kilitoka kwa jina la James Ngugi. Baadaye mtu huyohuyo akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Ukiweka kadi mbili bila kuziunganisha, anayetafuta jina moja atakosa nusu ya vitabu. Kwa hivyo mkutubi anachagua jina moja la kukusanya kila kitu, na chini ya jina la pili anaweka kadi inayosema "tazama pale". Ukishawahi kushika hifadhidata ya wateja ambamo mtu mmoja ameandikwa mara nne kwa tahajia nne, unajua maumivu hayo. Katika miaka yangu yote ya shahada ya kompyuta tatizo hili lilipewa labda nusu saa. Wale wa stoo walishinda nalo kutwa.

Kulikuwa pia na daftari la mapokezi: kila kitabu kinachoingia kinapewa nambari kwa mfuatano, kinaandikwa mstari mmoja, na mstari haufutwi kamwe. Waandaaji programu wenzangu, mnalijua daftari hilo kwa jina jingine. Siku nyingine darasa lilitoka kwenda kuona maktaba za jiji, au lilisikiliza wakutubi walioalikwa kueleza kazi yao.

Mmoja wa wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza, Mary Wright Plummer, baadaye aliongoza shule ya ukutubi ya Pratt Institute kule Brooklyn, na mwaka 1915 akawa rais wa chama cha wakutubi wa Marekani, mwanamke wa pili kushika kiti hicho. Wengi wa wenzake hatuwajui. Waliandika kadi, na kadi haina jina la aliyeiandika.

Tusimpambe Dewey, hata hivyo. Aliwafungulia wanawake mlango, kweli, lakini maktaba ziliwataka pia kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume. Fomu yake ya maombi iliwauliza urefu, uzito, rangi ya macho na ya nywele, na ikataka picha. Picha ya nini, kwa kazi ya kupanga vitabu? Jibu lilijitokeza taratibu: wanawake katika taaluma walilalamika kwamba anawashikashika bila ridhaa, na kufikia 1906 alikuwa amesukumwa pembeni katika chama alichosaidia kukianzisha. Kilabu chake cha Lake Placid kilikuwa kikiwakataa Wayahudi na watu weusi. Mwaka 2019 chama hichohicho kiliondoa jina lake kwenye medali yake ya heshima. Miaka zaidi ya mia moja, jamani.

Columbia yenyewe haikumvumilia muda mrefu. Mwaka 1889 alihamia Albany, makao makuu ya jimbo, na shule ikamfuata. Huko ndiko alikosomea Edward Christopher Williams, mkutubi mweusi wa Cleveland, aliyemaliza kozi ya miaka miwili kwa mwaka mmoja, 1899 hadi 1900. Kuanzia 1902 shule ilitaka mwombaji awe na shahada ya kwanza tayari, na hapo ukutubi ukawa somo la baada ya shahada, kama ulivyo Marekani hadi leo. Mwaka 1926 shule ilirudishwa Columbia. Mwaka 1992 Columbia ikaifunga.

Huku kwetu shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963, na Kenya ikapata sheria ya huduma yake ya maktaba mwaka 1965. Maktaba zetu nyingi za umma bado zinatumia nambari za Dewey. Nenda rafuni ukaangalie. Lugha ya Kiingereza ni 420. Kiswahili ni 496.392. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 496, kwa hivyo yetu inabidi ipewe desimali tatu ndipo ionekane. Dini ni vivyo hivyo: Ukristo umejinafasi kuanzia 230 hadi 280, na dini nyingine zote za dunia zinagawana 290, Uislamu ukiwa 297. Hakuna aliyekaa kitako 1876 akamfikiria msomaji wa Mombasa. Dewey aligawa nafasi kulingana na vitabu alivyoviona chuoni kwake Amherst, na leo kuhamisha nambari hizo kungemaanisha kubandika upya vitabu visivyohesabika. Yeyote aliyerithi mfumo wa mtu aliyekwishaacha kazi ananielewa.

Na tarakilishi je? Mwaka 1965 maktaba ya bunge la Marekani ilimwajiri Henriette Avram, mwandaaji programu asiye na shahada ya ukutubi. Alipewa kazi ya kuifanya kadi isomeke na mashine. Alikaa na waorodheshaji, akawauliza kila alama kwenye kadi ina maana gani, kisha akaipa kila sehemu nambari: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, na kadhalika. Mfumo huo, MARC, ulikamilika 1968. Uliwezekana kwa sababu kadi zilikuwa tayari zimenyooka, kila kitu mahali pake. Watu walikuwa wamezinyoosha kwa mkono kwa miaka themanini.

Mwaka 1971 vyuo vya Ohio vilianza kugawana rekodi hizo kwa mtandao kupitia shirika la OCLC. Cha kuchekesha ni kwamba mtandao huo ulitumika pia kuchapisha kadi za karatasi, takriban bilioni 1.9 kwa jumla. Bunda la mwisho lilichapwa tarehe 1 Oktoba 2015, likapelekwa kwenye maktaba ya chuo kimoja kidogo katika jimbo la New York.