Nani Aulinde Mtaa? Habari za Kale na za Sasa za Kolwezi

Watu wa Kolwezi wakikaa pamoja jioni, mazungumzo yao hayakawii kufika palepale: vumbi la njia, malori ya asidi, nyufa za kuta, mashimo yanayochimbwa karibu na nyumba. Mmoja hulaumu serikali, wa pili hulaumu makampuni, wa tatu hulaumu wachimbaji. Lakini chini ya maneno hayo yote limo swali la zamani: ni nani mwenye kuulinda mtaa, na ni nani aulizwe kwanza? Ili tulijibu, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mtaa wa kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kwa muda mfupi, bila wake zao, nao walikufa wengi kwa maradhi ya kambini. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadili shauri lake: mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mke na watoto wakakaribishwa kambini. Haikuwa huruma tupu. Mtu mwenye afya na mwenye nyumba hufanya kazi vizuri, wala hatoroki.

Mji wa Kolwezi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, uwe makao ya machimbo ya magharibi. Katika makambi ya Musonoi na Ruwe nyumba zilipangwa kwa mistari. Palikuwa na maji, zahanati, posho, na shule zilizofundishwa na wamisionari. Mkuu wa kambi, ambaye watu walimwita changa-changa, alikagua usafi na kutaka kujua ni nani amelala katika nyumba gani.

Je, mitaa ile ilikuwa salama? Kwa namna fulani, ndiyo, na wazee wengi waliilia ilipoharibika. Lakini ulikuwa usalama wa amri. Wafanyakazi walipogoma Desemba 1941 kwa sababu ya mshahara, askari waliwapiga risasi kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na makumi ya watu wakafa. Mwaka 1946 zikaanzishwa halmashauri za wafanyakazi. Humo waliweza kusema juu ya posho na nyumba, lakini neno la mwisho lilibaki kwa wakubwa.

Kolwezi ilipata pia mahali pengine pa kusemea. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifika Ruwe, na kwa mafundisho yake ukazaliwa mwendo wa Jamaa. Baadaye mwendo huo ulizusha mabishano ndani ya Kanisa, nasi hatuyaamui hapa. Ila jambo moja ni wazi: mume na mke, ambao katika vitabu vya kampuni walikuwa namba na mgawo wa unga, walikaa na jirani zao wakasemezana kama watu.

Baba alipoondoka

Tarehe 1 Januari 1967 machimbo yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya taifa, na kampuni mpya ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, na mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, waliuawa mjini. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Shaba ya Gécamines, iliyozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hata kufika tani 50,000 hivi mwaka 1993. Katika miaka hiyohiyo ya njaa, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga na jirani zao wenyewe, wakarundikana kwenye vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake lasema kwamba watoto wa shaba wameachwa na baba yao. Neno hilo ni la kweli, nalo lauma. Baba yule alileta maji, akajenga nyumba, akazibua mifereji. Bali kuamua hakuwaachia watoto. Siku alipoondoka, mfereji ukaziba, na kila mtu akamtazama mwenziwe.

Ardhi ya Kasulo

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu aliyekuwa akichimba shimo kiwanjani pake alikuta mawe yenye kobalti. Ndiyo kobalti inayotiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Habari ikaenea. Kwa muda mfupi mashimo yakafunguliwa nyuani, barazani, hata ndani ya vyumba.

Hapa ndipo twaona kwamba maoni ya mtaa si neno moja. Mwenye nyumba aliona ada ya shule ya watoto ikitoka chini ya sakafu yake. Mchimbaji, pengine mwana wa mfanyakazi aliyeachishwa, aliona kazi mahali pasipo kazi. Mpangaji aliogopa, kwa maana nyumba si yake wala mawe si yake, lakini ukuta ukianguka utamwangukia yeye. Na jirani aliyekataa kuchimba hakupona kwa kukataa kwake, kwa sababu njia za chini hazijui mpaka wa viwanja. Wahenga husema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Kule Kasulo hata asiyechimba aliweza kuingia.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilikubaliana na kampuni ya Congo Dongfang Mining. Sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na jamaa zilizokaa humo zikapewa fedha ili zihame. Wako waliofurahi, na wako waliosema kwamba fedha hununua nyumba lakini hazinunui ujirani. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa.

Msiba si wa Kasulo peke yake. Februari 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine katika njia ya Kolwezi, wakafa watu wasiopungua 18. Juni mwaka huohuo mgodi wa KOV uliwafukia wachimbaji wasiopungua 43. Novemba 2025, huko Kalando, daraja la wachimbaji lilianguka, wakafa wasiopungua 32.

Tufanyeje?

Sheria ya madini ya mwaka 2018 imefungua mlango. Yaamuru kwamba kampuni iandikiane na wenyeji ahadi za maji, njia, shule na zahanati. Tena itoe angalau sehemu 3 katika kila 1,000 za mapato ya mauzo yake kwa maendeleo yao, na wajumbe wa wenyeji wawe katika kuamua matumizi yake. Jambo hili halikuwapo wakati wa changa-changa. Lakini mlango uliofunguliwa haumwingizi mtu aliyeketi. Mkutano wa mtaa ukihudhuriwa na wawili watatu tu, hao watasema kwa jina la wote, na pengine kwa faida yao wenyewe.

Basi, ndugu wasomaji, tuulizane: ahadi zilizoandikwa kwa mtaa wetu ni zipi? Nani amezisoma? Mpangaji na mjane, je, waliitwa mkutanoni? Na sisi wenyewe, tukilaumu lori la kampuni, je, tunanyamaza jirani anapochimba chini ya ukuta wa mwenziwe kwa sababu twatumaini kupata fungu? Miaka ya 1992 na 1993 ilituonyesha pia kwamba mtaa unaotafuta wa kumlaumu, badala ya kutafuta dawa, huweza kumgeukia jirani asiye na kosa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kolwezi nyufa zaonekana kwa macho. Kuziziba hakuwezi tena kungoja baba wa kambi, maana hatarudi. Ni kazi ya wakaaji wanaokutana, wanaosikilizana, na wanaodai kusikilizwa.