Sheria Iliyomwona Mwanamke Peke Yake

Kila mara mji unapokerwa na ukahaba, dawa ya kwanza kutajwa ni msako. Wanawake hukusanywa usiku, asubuhi hupandishwa kizimbani na kutozwa faini, na jioni hurudi palepale kuitafuta faini hiyo. Mwanamume aliyekuwa nao hujiendea zake nyumbani. Dawa hiyo si mpya. Uingereza iliijaribu zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Mwaka 1864 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza. Wanajeshi wengi waliugua kaswende na kisonono, na wakubwa wao wakahofu jeshi litadhoofika. Katika miji ya bandari na kambi, kama Portsmouth na Aldershot, askari kanzu aliweza kumshuku mwanamke kuwa kahaba na kumfikisha kwa hakimu ili apimwe. Akikataa, jela. Akionekana mgonjwa, alifungiwa hospitalini. Mwanzoni hadi miezi mitatu, na ilipofika 1869, hadi miezi tisa. Hata huko hakukuwa na dawa ya maana. Walitumia zebaki, ambayo ni sumu. Penisilini ilikuja kutibu kaswende katika miaka ya 1940.

Na wanajeshi je? Sheria haikuwagusa. Ilionekana kuwa kuwapima kungewavunjia heshima. Basi mwanamke alitoka hospitalini, akakutana na mwanamume yuleyule mgonjwa.

Mama mmoja mcha Mungu, Josephine Butler, alisimama kupinga. Hakuutetea ukahaba. Hoja yake ilikuwa kwamba kosa la watu wawili halibebwi na mmoja, na kwamba umaskini ndio uliowasukuma wengi barabarani. Alitukanwa, na mwaka 1872 huko Pontefract wapinzani walitia moto majani chini ya chumba alimokuwa akihutubia wanawake. Hakurudi nyuma. Upimaji wa nguvu ulisimamishwa 1883, na sheria ikafutwa 1886.

Karne moja baadaye, Ukimwi ulipotufikia Afrika ya Mashariki, njia nyingine ilijaribiwa katika mtaa wa Majengo, Nairobi. Kuanzia 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliwahudumia wanawake wanaofanya kazi hiyo. Walikuja kwa hiari, wakatibiwa, wakafundishwa, na matumizi ya kondomu yakaongezeka sana. Tena, wachache kati yao hawakuambukizwa virusi kwa miaka mingi, na damu waliyojitolea ikawafunza wanasayansi wa dunia nzima juu ya kinga ya mwili.

Ndugu msikilizaji, msikiti na kanisa vina haki ya kuukemea ukahaba. Lakini mtu anayekimbia askari hukimbia na daktari pia, na ugonjwa wake haubaki kichochoroni. Huvuka kizingiti na kuingia nyumbani, kwa mke ambaye hakushukiwa na mtu yeyote. Kabla ya msako mwingine, tujiulize mnunuzi yuko wapi.